Seva Haijui Majina, Lawama Kabebeshwa Mama wa Masjala

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, kwa sababu mimi ni fundi wa mtandao katika ofisi ya wapimaji wa ardhi yenye kompyuta arobaini, na tangu Jumatatu asubuhi watu hawawezi kuingia kwenye kompyuta zao, kila wakiandika neno la siri wanajibiwa kwamba seva kuu haipatikani, na mpimaji mmoja akaniuliza mbele ya wenzake, “Fundi, kompyuta yangu hainitambui leo, au ni kwa kuwa nimenyoa?” wakacheka wote isipokuwa mimi. Nimebadilisha nyaya, nimezima na kuwasha kila kitu mara tatu, na ajabu ni kwamba nikiiita seva kwa namba yake inaitika, nikiiita kwa jina haipo, nami nakiri kwako tu kwamba Ijumaa shemeji yangu aliniambia, “Weka DNS ya nje, intaneti itakimbia,” nikaiweka kwenye seva na kwenye kompyuta zote, nikaenda nyumbani nikijisifu. Sasa karani wa masjala, ambaye sote tunamwita mama, Jumatatu hiyohiyo alichomoa waya mmoja wa mtandao ili apate nafasi ya feni, akaurudisha, na mkurugenzi alipouliza, “Nani amegusa mitambo?” mama akanyoosha mkono, mimi nikatazama viatu vyangu, naye ameitwa kikaoni Alhamisi, huenda akaachishwa kazi akiwa amebakiza miezi saba astaafu, na jana alinifuata akaniambia, “Mwanangu, nisamehe, nimekuharibia kazi,” nikamjibu, “Usijali, mama.” Nifanyeje?

Fundi aliyekwama

Fundi uliyekwama,

Barua yako ina upungufu mkubwa wa nukta, lakini nimeielewa: umemsamehe mama kwa kosa lako. Una moyo mpana kweli.

Tuanze na lililo rahisi, yaani mashine. Kazi ya DNS ni kugeuza jina liwe namba, na majina ya kompyuta zenu yameandikwa ndani ya seva yenu. Huko nje hakuna anayeyajua. Wewe umeziamuru zote zikaulize nje. Ni sawa na kumtuma mtoto barabarani akawaulize wapita njia jina la mama yake, ilhali mama yuko jikoni. Na hiyo kasi aliyoiahidi shemeji, mmeiona?

Leo hii, rudisha anwani ya seva yenu kwenye seva yenyewe na kwenye kila kompyuta. Anwani ya nje ina mahali pake: iandike ndani ya huduma ya DNS ya seva, itumike kwa maswali ambayo seva haina majibu yake, basi. Washa seva upya ili ijisajili kwa jina lake, futa majibu ya zamani yaliyobaki kwenye kompyuta, kisha iite kwa jina mpaka iitike. Shemeji mpe heshima zake zote, ila seva asiisogelee.

Sasa lililo gumu. Umeandika mwenyewe kwamba namba inaitika na jina haliitiki. Waya uliochomolewa haubagui; ungenyamazisha vyote viwili. Kwa hiyo ushahidi kwamba mama hana hatia unao tangu Jumatatu, na katika ofisi nzima ni wewe peke yako unayeweza kuusoma. Mkurugenzi aliuliza jina. Seva ingekuwa na udhuru, kwa kuwa haijui. Wewe ulilijua.

Usiniambie kwamba unaogopa kufukuzwa. Huenda ukafukuzwa. Mama naye anaogopa, tena bila kosa.

Kwa hiyo usisubiri kikao. Kesho asubuhi ingia kwa mkurugenzi, mwonyeshe ulichokibadilisha Ijumaa na saa uliyokibadilisha, na shemeji usimtaje, kwa maana mkono ulikuwa wako. Omba wito wa mama ufutwe kwa maandishi. Barua hiyo ipeleke masjala wewe mwenyewe, wenzako wakiwapo, na usimame hapo anapoisoma.