Ule Ukungu wa Video ya Harusi

Mwenzangu uko wapi?? Nimejifungia chooni, nacheka mpaka mbavu zinauma 😭

Si unaijua TV yetu, kitu kikikimbia kinaburuta mkia kama moshi? Leo shemeji yako amegundua kwenye mipangilio kuna sehemu ya kupunguza ule ukungu. Eti mwanga unazimika kidogo kati ya picha na picha, basi kinachokimbia kinaonekana wazi.

Akataka kumringia mama yake. Akaweka video ya harusi yetu!!

Unakumbuka kile kitu kinachopita nyuma yetu tukivishana pete, tukasema ni pazia?

SI PAZIA. Ni mama mkwe. Anakimbia. Na ghorofa ya juu ya keki yetu kwapani!!

Keki ILE ILE aliyomsingizia shangazi yangu kuiiba! Shangazi hajakanyaga hapa tangu harusi!

Na shemeji yako alivyo, akarudisha nyuma. Akarudisha TENA. "Mama, huyu si wewe?"

Mama mkwe akafuta miwani, akasema taratibu: "Mwanangu, hebu rudisha ukungu. Hii inaumiza macho."