Zoezi la Moto Limeniunguzia Posa

Mpendwa Shangazi Ikupa, kamwene. Natumaini umeamka salama wewe na wote hapo nyumbani, sisi huku Iringa hatujambo isipokuwa baridi ya mwezi huu ambayo hata kunawa uso ni kwa kujilazimisha, mahindi tumeshavuna na tunamshukuru Mungu, mama yangu yuko Tosamaganga na mguu bado unamsumbua ila anatembea, na gazeti lenu tunalisoma ofisini kila Alhamisi tukiugombania ukurasa wako. Baada ya salamu hizo, shangazi, naomba unisaidie maana nimekwama.

Mimi ni karani katika kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti. Mwaka jana mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, yalishika moto stoo, mlinzi wetu Mzee Fanueli akanusa moshi, akapiga yowe mpaka wachoma mahindi wa barabara kuu wakaja mbio na ndoo, moto ukazimwa, ndipo bosi wetu Bwana Himmat akasema hatuwezi kuishi kwa bahati, kiwanda lazima kijiandae, akanipeleka Mbeya kwenye semina ya siku tatu ya kukabiliana na majanga, nikarudi na cheti, na cheo cha mratibu wa dharura, na, nakiri, kichwa kimevimba kidogo. Nikaandika mpango: anayeona hatari aje ofisini kwa mratibu, yaani mimi, atoe taarifa, mimi nipige kengele, watu wakusanyike getini. Nikapanga na zoezi. Nikamwambia Mzee Fanueli kwamba Jumatano saa nne asubuhi akiona kitambaa chekundu kwenye mlango wa stoo, ahesabu kwamba ndiyo moto.

Shangazi, kitambaa kikatundikwa. Mimi niko ofisini na Bwana Himmat na wenzangu, saa ya simu inahesabu. Mzee akaja kwa mwendo wake ule ule, akavua kofia, akapiga hodi, akasubiri kukaribishwa. "Kamwene, mwanangu." Nikaitikia. "Umeamkaje?" Salama. "Na mama, mguu?" Unaendelea. Akamgeukia Bwana Himmat akamuuliza watoto na biashara, na Bwana Himmat naye anajibu kwa utulivu kabisa, wakafika mpaka kwenye bei ya mbolea, ndipo mzee akakohoa akasema, "Sasa mwanangu, nimekuja kwa jambo dogo. Kule stoo kunaungua." Dakika sita na nusu! Wenzangu wakaangua kicheko, aibu ikanipanda, nikafoka mbele ya wote, "Mzee, acha salamu zako, tumeshakufa wote!" Akavaa kofia yake. Akasema, "Sawa, bosi," akaondoka.

Sasa ambalo sijakueleza, shangazi, ni kwamba Mzee Fanueli ndiye baba yake Aroni, na Aroni ndiye mchumba wangu, na mshenga wao alikuwa aje Tosamaganga Jumamosi ile ile na barua ya posa. Mama alikwishachinja kuku wawili. Hakuja mtu. Aroni anasema baba yake ametamka neno moja tu, kwamba binti asiyetaka salamu hawezi kupelekewa barua, kwa sababu barua yenyewe huanza na salamu. Na kazini mzee amegomea zoezi la pili, anasema kitambaa kijizime chenyewe, na bosi anataka zoezi lirudiwe mwisho wa mwezi. Nampenda Aroni, shangazi, nampenda kweli, na bado naamini salamu ndefu zitatuua siku moja. Nifanyeje? Niombe msamaha wakati haki ni yangu?

Eveline, Iringa

*

Eveline, nenda kamwombe mzee msamaha, na uende wiki hii. Salamu zako nimeziona, nitazijibu mwishoni. Moto kwanza.

Haki unayo nusu. Siku ya hatari dakika sita na nusu ni nyingi mno, na kwa hilo nakuonea huruma. Lakini hebu soma tena barua yako mwenyewe. Mwaka jana mashudu yalipowaka, mzee alikuja kukuuliza mguu wa mama? Alipiga yowe, barabara nzima ikasikia. Kumbe koo analo! Safari hii alisalimia kwa sababu aliona kitambaa, na mtu mwenye adabu zake hamkimbilii mkwewe mtarajiwa akihema kwa ajili ya kitambaa. Kilichokosewa ni mpango wako. Yule aliyekiokoa kiwanda umemwambia auache moto, atembee mpaka ofisini, na ofisini watu hupiga hodi. Ulitegemea nini?

Bibi zetu hawakuwa na cheti, walikuwa na yowe. Yowe halina hodi. Ukilisikia unaacha ugali unakimbia, hata kama na huyo jirani hamsemezani. Wewe umelitupa, ukaleta kitambaa. Na usinifanye nicheke, mratibu wa dharura mzima: nimesoma baridi, mahindi, mguu na gazeti kabla sijajua kama kuna tatizo, na jina la Aroni umelitaja mwishoni kabisa, kama mzee alivyoutaja moto. Huyo ni baba mkwe wako hasa, mmeshafanana.

Basi, Jumapili baada ya ibada mchukue mama, mguu ukikubali, au shangazi yako wa damu, mwende kwa mzee. Usibebe mpango, usibebe cheti, na hiyo simu ya kuhesabu dakika iache nyumbani. Msalimie. Akiuliza mahindi, jibu mahindi. Akiuliza mbolea, jibu mbolea. Zikifika dakika arobaini, zifike. Akimaliza yeye, ndipo useme, "Baba, nilikukosea," na usiongeze "lakini". Jumatatu yarudie maneno hayo kiwandani mbele ya wale wale waliocheka, maana ulimvunjia heshima mbele yao. Kisha mwombe yeye ndiye aongoze zoezi: anayeona moto apige yowe pale pale alipo, na ofisi ndiyo imfuate. Mnunulieni filimbi, koo nalo hukauka. Na mmoja wenu afundishwe naye kazi hiyo, kiwanda kizima hakiwezi kutegemea pua ya mzee mmoja. Watu wakishafika getini na kuhesabiwa, hapo salimianeni mpaka jioni, Bwana Himmat amalizie na bei yake ya mbolea.

Na posa je? Mzee hakusema hakutaki, mwanangu. Alisema barua huanza na salamu. Anazisubiri, na aliyezikata ni wewe.

Haya, moto tumeuzima. Kamwene, Eveline. Huku Mbeya baridi ni hiyo hiyo, tunamshukuru Mungu. Mama mpe pole ya mguu, na mwambie safari hii asichinje kuku mpaka amsikie mshenga akipiga hodi.

Shangazi Ikupa