Maji ya Mihogo

Padiri,

Naandika kwa penseli ya kapita, msimamizi wetu, na mwandiko wangu unaujua, ulisema unafanana na njia za mchwa. Posta haifiki huko uliko. Kesho nikishuka mjini Baraka nitaifukia barua hii kwenye kaburi lako kabla sijaenda kwa padiri mpya. Ameniita. Katika daftari lako la safari amekuta umeandika jina la Maria, mtoto wa kambi yetu, na jina langu kama aliyembatiza, halafu umeacha nafasi tupu. Kabla ya kumwandika katika kitabu cha ubatizo anataka kujua nilisema maneno gani na nilimwaga maji gani. Maneno nayajua. Ni maji yanayonikosesha raha.

Tangu ufe, mvua imekata barabara ya Fizi mara mbili pale mlimani. Sisi makantonye, vibarua wa barabara, bado tunajaza mashimo, na kapita Ramazani bado anatutukana. Lakini saa sita, tukiweka majembe chini, ninasikia baiskeli yako, ule mnyororo uliokuwa unagonga kila ukikanyaga. Siku moja Ramazani naye alisikia. Ni Mwislamu, hakuwahi kuingia kanisani kwako.

"Ni upepo tu," akasema, kisha akavua kofia.

Nikamwuliza, "Upepo unavuliwa kofia?"

"Chimba, we mutu ya Kasongo."

Siku nyingine utani huo wa kwetu hutuchekesha. Siku ile hatukucheka.

Niseme ukweli, mwanzoni sikukuamini. Niliingia katekisimu kwa sababu waliosoma walipumzika Jumamosi mchana. Mungu nilimtafuta kwenye misa yako, katika ubani na Kilatini, nikasinzia.

Halafu yakaja yale ya Maria. Unayajua, lakini hukuyasikia kinywani mwangu. Mama Sifa alikuwa amejifungua wiki mbili tu, na mume wake, mwenzetu wa kazi, alikuwa amekwenda Kazimia kwa ndugu zake. Mchana mtoto akakakamaa, macho yakageuka juu. Mama Sifa akanililia, "Kalume, fanya vile katekista alifundisha." Nilishika kibuyu, nikachota kwenye chungu kilichokuwa karibu, nikamwagia kile kichwa kidogo: Maria, nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Alikufa kabla nywele zake hazijakauka.

Ndipo niliposikia harufu ya mkono wangu. Yalikuwa maji ya mihogo, iliyolowekwa siku tatu, meupe, machachu. Katekista alitufundisha: mtoto akiwa anakufa yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, ila kwa maji ya kweli, si pombe, si maziwa, si mchuzi. Mihogo hakuitaja. Nimeirudia orodha ile barabarani, jembe mkononi, mpaka maneno yenyewe yamenichosha. Na mto ulikuwa pale chini, Padiri. Ningekimbia.

Mama Sifa aliambia kambi nzima, "Mutoto wangu iko kwa Mungu. Kalume alimubatiza." Watu wakanishika mkono. Nikachukua jembe, nikarudi barabarani.

Ulipokuja baada ya siku mbili, ulinishika bega. "Umefanya kazi yangu, Kalume." Nikajibu, "Ndiyo, Padiri." Hapo ndipo ningesema.

Ukaenda kwa Mama Sifa. Nilidhani utahubiri. Ulikaa chini, ukachukua kisu, ukaanza kumenya mihogo pamoja naye. Ulimenya vibaya sana, ganda nene kama kiatu. Alikuvumilia kidogo, kisha nikasikia sauti yake mpaka barabarani:

"Padiri, unatupa chakula yote na maganda. Kwenu hamuna bamama ya kukufundisha?"

"Walinifundisha, mama. Mi nilikuwa kichwa ngumu."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike mtoto. Kicheko kikageuka kilio, nawe hukumnyamazisha, ukachukua muhogo mwingine. Mlikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikawafunika. Sijui kulisema vizuri jambo hili. Nilikuwa nimesimama na koleo, umbali wa kutupa jiwe, nikajua Mungu ameketi pale. Sikuona mwanga wowote. Niliona kanzu yako imejaa matope, na mama mmoja ambaye hakuwa analia peke yake. Nikaogopa kusogea, kwa sababu mkono wangu bado ulikuwa unanuka, au nilidhani unanuka.

Wakati wa kuondoka ulisimama kando yangu. "Una neno, Kalume?" Nikasema sina. Ukatazama ziwa kule mbali, ukauliza tena. Nikasema, "Sina, Padiri. Safari njema." Ukaenda Nundu, homa ikakushika huko, wakakurudisha Baraka kwa mtumbwi, umefunikwa. Uso wako sikuuona tena.

Leo asubuhi nimemwambia Mama Sifa. Nilitaka asikie kwangu kabla ya kusikia kwa padiri mpya. Nilikaa chini mbele yake, nikasema yote. Nilingoja anifukuze.

Hakuacha kupepeta unga. "Najua," akasema. "Chungu ilikuwa yangu. Mi nilimwambia Padiri siku ile, tukimenya."

Nikamwuliza ulijibu nini kuhusu mtoto.

"Alisema hajui. Alisema amemuweka mikononi mwa Mungu, na nisiache kumwita jina lake."

"Na mimi?"

Hapo akaweka ungo chini. "Alisema: Kalume atakuja mwenyewe aniambie. Tumuache, nitamungoja."

Kwa hiyo ulijua, na ile nafasi tupu daftarini ilikuwa inangoja neno langu. Uliuliza mara mbili ukijua, na hukunishika shati kunilazimisha. Nami nilikuwa na siku nane kabla hujafa, kutoka hapa mpaka Nundu si mbali, na miguu nilikuwa nayo. Nilikuacha umelala na homa, unangoja. Hilo ndilo linalonifuata barabarani.

Sasa nisikie. Kesho nitamwambia padiri mpya maji yalikuwa maji gani, hata kama hatamwandika Maria. Nikishamaliza nitamwomba anibatize mimi, maana mpaka leo sijabatizwa. Na nikirudi nitakaa na Mama Sifa nimenye mihogo, nikose maneno kama ulivyoyakosa wewe.

Lala, Padiri. Nimechelewa, lakini naja.

Kalume, wa kambi ya barabara