Karatasi Kati ya Milango Miwili

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na kazi ya wodini haikuchoshi kama mwezi uliopita. Mimi ni mzima, nakula vizuri, ingawa usingizi wangu bado ni wa mang'amung'amu.

Uliniuliza kazi yenyewe ni ipi. Ni karani katika kiwanda kidogo cha nguo za kukimbilia. Niko kwenye majaribio hadi mwisho wa Machi. Hapo Meneja ataamua kama nabaki. Kwa hiyo napiga hodi hata kwenye mlango ulio wazi.

Wabunifu ni wawili, na milango yao inatazamana. Mmoja tunamwita Bi Brashi. Alijifunza uchoraji Japani. Anaweza kuchora wimbi zima kwa mkupuo mmoja wa wino, kisha akaiacha sehemu kubwa ya fulana ikiwa nyeupe na kusema weupe huo ndio upepo. Wa pili ni Bwana Rula, mtu wa michoro ya Magharibi: miraba, mistari minene myeusi, nyekundu na njano na buluu zisizomwogopa mtu. Meneja anataka fulana moja ya mbio itakayobeba mitindo ya wote wawili.

Tatizo ni kwamba hawasemezani, tangu waliposhindwana juu ya kaptula fulani kabla sijaja hapa. Wanachora karatasi moja kwa zamu. Mmoja akimaliza, mimi naibeba hadi kwa mwenzake, pamoja na maneno. Na maneno yenyewe, Shangazi, hayabebeki. Jana Bi Brashi alinituma nikamwambie Bwana Rula kwamba miraba yake inafanana na vigae vya choo cha stesheni. Nilipovuka korido ulimi ukageuka wenyewe. Nikasema Bi anasifu mpangilio wake. Bwana Rula akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniomba nimfikishie Bi shukrani zake. Leo ni zamu yake: ameniambia wimbi la Bi linafanana na nywele zilizoziba sinki. Nikamwambia Bi kwamba Bwana anaona linatiririka vizuri.

Hakuna aliyeumia, na korido imetulia. Sidhani nimekosea. Au nimekosea?

Mwanao,
Karani


12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti limetulia, mdomo wa nesi mkuu ndio haujatulia. Nimeisoma barua yako wakati wa chai nikacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha dirishani akataka naye asimuliwe. Nikamsimulia vigae tu.

Nakujua. Ulipokuwa mdogo ukivunja kikombe, ulikiomba msamaha kikombe. Lakini nikuulize kama mtu aliyezeekea wodini: nesi wa asubuhi akimwambia wa jioni kwamba mgonjwa hana homa, kwa sababu hataki kumsononesha mwenzake, ni nani anayeungua? Anayebeba chai hakutumwa kuongeza sukari njiani.

Basi, nisikutie hofu zaidi ya uliyozaliwa nayo. Ule, ulale.

Shangazi yako


1 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ninaandika nikiwa salama wa mwili. Moyo ndio siwezi kuutolea ripoti nzuri.

Ulisema kweli, nami sikukusikia. Niliendelea kutia sukari. Nilimwambia Bi Brashi kwamba Bwana Rula anahusudu mkono wake mwepesi. Nilimwambia Bwana Rula kwamba Bi haoni mtu mwingine anayeielewa njano kama yeye. Nilidhani nazima moto. Kumbe watu wakisifiwa hivyo huanza kuachiana nafasi. Bi Brashi alipunguza wimbi ili miraba ya Bwana ipate kupumua. Bwana Rula akaondoa safu moja ya miraba ili kuheshimu ule weupe wa Bi. Bi akaguswa na ukarimu huo, akapunguza tena. Bwana naye hakukubali kushindwa kwa adabu.

Leo karatasi ina uzi mwembamba wa wino kwenye pindo na mraba mmoja mwekundu karibu na kwapa. Kwingine kote ni kweupe. Kila mmoja anaamini mwenzake ni muungwana, na kila mmoja, peke yake chumbani, ana huzuni ambayo haisemi. Meneja aliichungulia juu ya bega langu akauliza kama hii ni fulana au shuka. Anataka kuiona imekamilika katikati ya mwezi.

Nikinyamaza, kiwanda kitapeleka fulana tupu kwenye mbio. Nikisema, wote watajua nimewadanganya siku zote hizi, Meneja atasikia, na mwisho wa Machi ndio huo unakuja. Nifanyeje?

Mwanao,
Karani


7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Waambie wote wawili kwa pamoja, milango ikiwa wazi, ili asiwepo wa kusikia kwanza. Usieleze sana ulivyoogopa. Watu wenye hofu huwa na hotuba ndefu. Sema maneno yao kama walivyoyasema, choo kikiwemo.

Wakikufukuza, kitanda chako kipo hapa, nami nitakucheka kwa wiki moja tu.

Shangazi yako


24 Machi

Mwanangu,

Hujambo lakini? Umenyamaza mpaka nimeanza kuwauliza watu wanaokuja kutoka huko. Nimeanika godoro. Hata ukiandika mstari mmoja, unatosha.

Shangazi yako


30 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Godoro lirudishe ndani. Nimeajiriwa.

Asubuhi baada ya kupata barua yako ya tarehe 7, nilifungua milango yote miwili, nikasimama katikati ya korido nimeishika karatasi kama sinia. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Yote ilipotea.

"Bi," nikasema, "Bwana hakusema wimbi lako linatiririka. Alisema ni nywele kwenye sinki. Na wewe, Bwana, Bi alisema miraba yako ni vigae vya choo cha stesheni. Mazuri yote niliyatunga mimi."

Bi Brashi akauliza, bila kunitazama, kama hata lile la mkono mwepesi nililitunga. Nikasema hata hilo. Nikaangalia viatu vyangu, nikaanza kuwaza nitaagaje.

"Choo cha stesheni ipi?" akauliza Bwana Rula.

Bi akamjibu ni ile ya zamani. Bwana akafikiri kidogo, akasema vigae vya pale vimepangwa vizuri sana. Bi akamwambia hilo ndilo tatizo lake. Na hivyo, Shangazi, wakawa wanasemezana. Waligombana mpaka saa ya chakula, na baada ya chakula meza ya Bwana Rula ikahamishiwa chumbani kwa Bi kwa sababu sauti zilikuwa zimewakauka kwa kupigiana kelele koridoni.

Sasa fulana iko hivi. Wimbi linaanzia mgongoni, kwenye pindo, kwa wino mzito. Linapita chini ya mkono, linavuka mshono bila kukatika, na linapofika kifuani linavunjika. Na povu lake ni miraba ya rangi, mikubwa kwanza, kisha midogo, ikitawanyika hadi begani. Kwingine ni kweupe. Mtu akikimbia, miraba inaonekana kama inaruka. Meneja aliivaa ile ya majaribio juu ya shati na tai, akakimbia koridoni kwenda na kurudi, akajiangalia kwenye kioo cha dirisha, akakimbia tena.

Baadaye akawauliza wabunifu habari zangu. Bi Brashi alisema nibaki. Bwana Rula alipinga, kwa mazoea tu ya kumpinga Bi, kisha akasema nibaki.

Jana, kabla ya kuipeleka karatasi kwenye mashine ili fulana za kuuza zichapwe, waliniita. Nilidhani kuna kitu cha kubeba. Bi akauliza, "Na wewe unaionaje?" Nilisikia "nzuri sana" ikipanda kooni. Nikaimeza. Nikawaambia nyekundu ya begani inapiga kelele, inalivuta jicho kabla halijalimaliza wimbi.

Wote wawili wakanigeukia. Bwana Rula akaitetea nyekundu yake. Bi Brashi, ambaye hajawahi kuipenda, akaitetea vizuri kuliko yeye. Nikajibu. Wakanijibu. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kufunga madirisha.

Nyekundu imebaki. Nilishindwa, Shangazi, wawili kwa mmoja, na nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Mwanao,
Karani