Bwawa la Nadine

Rosettenville, Jumamosi, Oktoba 2017

Natangaza rasmi, kwa huzuni kubwa, kifo cha nywele za mbele za mteja wetu, Mama Grace. Leo alikuja saluni kutuaga, kavaa wigi.

Muuaji ni Nadine, mwenzangu. Anavuta rasta mpaka mteja hawezi kufumba macho, ati zikikaza watu wanamsifu.

Nikamwambia alichonieleza Mchina anayetuuzia nywele, habari za waliokausha bwawa wakavua samaki wote, mwaka uliofuata wakakosa hata dagaa. "Halafu tutasuka nini, Nadine? Mafuvu?"

"Eish, dada, wacha bwawa yako! Leo batu beko mingi!" akanijibu, akinionyesha foleni ya wateja.

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Saluni hii ndiyo inayolisha wanangu, na yeye…

Nimevua kilemba. Anayenisuka mimi pia ni Nadine. Nywele za mbele sina.