Nilishusha Kitanda cha Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, nami nitaeleza kwa mpangilio kwa sababu kila kitu nimekiandika kwenye shajara. Baba mkwe wangu yuko chumba cha wagonjwa mahututi tangu tarehe 3, baada ya upasuaji, ana mpira wa kupumulia mdomoni hivyo hawezi kusema, ila anaandika kwenye karatasi na utani wake haujapungua hata kidogo, na kitanda chake kimeinuliwa upande wa kichwa muda wote, sasa tarehe 8 akaniandikia, "Nimekaa kama karani siku tano. Nishushe, mwanangu," nami sijawahi kumkatalia jambo, nikasubiri muuguzi ageuke, nikazungusha mpini mpaka kitanda kikawa sawa, akaninyooshea dole gumba, na tarehe 9 nikarudia, kila mara kama nusu saa.

Tarehe 10, mara ya tatu, muuguzi mkuu akaingia kabla sijakipandisha. Akamuuliza muuguzi wa zamu, "Kitanda kimeshuka chenyewe?" Yule dada akajibu, "Labda nacho kimechoka, mkuu." Tukacheka, mkuu hakucheka, akamwamuru yule dada aandike maelezo. Kisha akatueleza kwamba vijidudu hujenga utando ndani ya ule mpira, kama utelezi wa dumu la maji lililokaa siku nyingi, na kwamba mgonjwa akilazwa chali, mate na uchafu wa tumboni hupenya pembeni ya mpira mpaka kwenye mapafu, akapata nimonia. Nikaisukuma shajara ndani ya mkoba, sikusema kuwa ni mimi. Leo, tarehe 11, baba ana joto kidogo, daktari anasema wanamwangalia. Nikisema, mama mkwe hataniruhusu tena kukaa naye. Je, niendelee kunyamaza?

Mkamwana wa Mpini

JIBU

Mkamwana, pole, kisha nikugombeze. Kumkatalia mkwe ni kazi, najua. Wangu alikuwa akiniomba sigara kwa ishara akiwa na dripu mkononi. Lakini wewe hukuombwa sigara na mtu mwenye mapafu mazima ya kuchezea. Umemlaza chali mtu anayepumulia mpira, tena mara tatu.

Mimi si daktari, siwezi kusema joto hilo limetoka wapi. Wao watajua, na watajua mapema zaidi wakiambiwa. Una tarehe, una saa, una dakika. Habari kama hizo zinatafutwa kwa tochi, wewe umezifungia kwenye mkoba. Na yule dada wa zamu anaandika maelezo ya kosa lako. Usimwachie.

Mama mkwe atanuna. Mwache anune, kununa hakuingii kwenye mapafu.

Baba akiandika tena kwamba amechoka kukaa, mwite muuguzi. Wana mito, na wanajua kumgeuza bila kushusha kichwa. Uliza pia kama wanaweza kukufundisha kumsafisha kinywa, mikono yako ipate kazi halali.

Kama unasoma jibu hili kwenye benchi la nje ya chumba chake, kunja gazeti uingie. Anza na maneno mawili: "Ni mimi."