Ubao Mmoja Kwenye Geti Langu

Jumanne, 5 Julai 2022

Geti langu limejaa sura ya mtu! Nimefika yadi asubuhi nikapata posta ishirini na mbili za Kiplimo, MCA wetu, mjumbe wa wadi, anayetaka kurudi. Gundi ya unga, bado mbichi. Wamefunika MBAO – MIHIMILI – MILANGO, herufi nilizopaka mwenyewe mwaka niliofungua. Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyeomba.

Kiplangat, kijana wangu wa mashine, anasema niachane nazo: "Mathe, uchaguzi ni Agosti, si mbali. Mvua itaosha." Mteja wa kwanza, fundi wa kutoka Molo, akacheka – kumbe siku hizi nimekuwa wa Kiplimo? Mimi! Nilianza na mabanzi na mkokoteni wa kuazima, leo geti langu linaongea, mimi sijafungua mdomo.

Jumatano, 6 Julai

Hapa Elburgon kila mwenye biashara hufanya hivi: anaweka posta za wagombea wote. Bucha ina wagombea watano kwenye dirisha moja, wanachungulia nyama. Ukimuuliza mwenyewe, "Wote ni watoto wetu." Tangu vurugu za uchaguzi za 2008 hiyo ndiyo bima yetu. Mimi pia nimeweka wote, chaguzi mbili.

Mwaka huu nimechoka. Naweka mmoja. Emmy Jepkosgei, aliyekuwa nesi, hana chama. Mkutanoni wengine walisema "maendeleo" mpaka spika ikakwaruza. Yeye alisema mvua ikinyesha, lori tatu kwa kila kumi hukwama pale kwenye daraja letu bovu. Kwa hesabu yangu ni nne. Lakini angalau mtu amehesabu!

Ijumaa, 8 Julai

Nimeutundika ubao juu ya geti. Plaiwudi nzima, futi nne kwa nane. EMMY JEPKOSGEI – MCA, na upande wa kulia DARAJA KWANZA. Rangi ya bluu. Unaonekana kutoka stendi.

Jioni ndugu yangu Nyongesa akapiga simu kutoka Nakuru. Ameshaambiwa! Akauliza kama nimesahau tulivyolala na mama kambini, Showground, na ile alama ya chaki waliyoiweka mlangoni siku moja kabla ya kutufukuza. "Dada, sasa unajiwekea alama mwenyewe?"

Nikamwambia ile waliiweka wao, usiku, bila kuniuliza. Hii nimeiweka mimi, mchana, na jina la Mkalenjin juu, mimi nisiye Mkalenjin. Akakata simu.

Sijasahau. Nani anaweza kusahau.

Jumatatu, 11 Julai

Askari wawili wa kaunti. Eti tangazo langu halina ruhusa, niutoe ubao kabla ya Ijumaa ama watautoa wao. Nikawauliza, na hizi ishirini na mbili hapa chini? Mmoja akaanza kuangalia mawingu.

Mzee Kipketer wa posho mill, ng'ambo ya barabara, alikuwa mlangoni kwake na unga kwenye nyusi. Mtu wa Kiplimo mpaka kwenye mifupa. Akapaza sauti: "Mama Quincy! Si ungeweka wote kama watu wengine?"

"Na wewe mzee, mbona umeweka mmoja?"

"Mimi niko kwetu!"

Akacheka. Mimi sikucheka. Miaka kumi na tisa hapa, nalipa kila kitu – na kwangu ni wapi?

Jumatano, 13 Julai

Nakuru. Nimepanga foleni kwenye makao ya kaunti nikiwa na hasira ya kutosha ofisi nzima. Kwenye kaunta msichana anaitwa Cheruto, mpole, sauti ndogo. Akanisomea kanuni polepole, mara mbili. Mwenye ploti anaweza kuweka bango la mgombea kwenye ploti yake, halihitaji ruhusa, mradi lisizidi mita mbili za mraba.

Nikapiga hesabu palepale. Futi thelathini na mbili za mraba – hiyo ni karibu mita tatu! Nilichukua plaiwudi jinsi inavyouzwa, nikaitundika. Mtu wa mbao hafikirii mita. Kosa ni langu, na linaniuma kuliko askari.

Na zile zilizobandikwa bila mimi kukubali? "Hizo mwenye geti anaweza kutoa, mama. Kuweka ni mpaka akubali." Nikamwomba arudie. Si kwamba sikusikia.

Alhamisi, 14 Julai

Tumekata. Futi nne kwa tano, ni ishirini, haifiki mita mbili. Jina la Emmy limebaki. DARAJA KWANZA imeenda na kipande kingine. Msumeno ulipopita hapo niliangalia kando.

Posta nimezitoa kwa maji moto, polepole, mbele ya watu. Sitaki kusikia nimerarua sura ya mtu. Tatu zilitoka nzima. Nikavuka barabara nikampa Mzee Kipketer. Akazishika kama nguo iliyoloa, akasema tu, "Haya."

Jumamosi, 16 Julai

Naandika nimekaa juu ya gogo, chai inapoa.

Mzee Kipketer amefunga posho mill – siku ya soko! – akavuka na ngazi yake begani. Nikajua ni ugomvi. Kumbe anataka kile kipande tulichokata. "Na mimi nataka yangu iwe ya halali, kama yako." Nikampimia: futi kumi na mbili, uko salama mzee. Akakigeuza, akakuta maandishi. Nikamwambia naweza kuyafuta kwa rangi.

"Acha. Kiplimo ataangalia barabara, hii DARAJA KWANZA itaangalia ndani. Kwani unga wangu hupita daraja gani?"

Nikacheka mpaka Kiplangat akazima mashine.

Kwa hivyo tunatundika ubao wangu kwanza, halafu wake. Nyongesa ametuma meseji: "Umeshaweka?" Sijui kama ni woga ama anataka picha.

Spika zinasikika kwenye kona ya Njoro. Msafara wa Kiplimo. Kiplangat anauliza tungoje wapite kwanza? Mimi nimemwangalia mzee. Mzee ameangalia barabara, ametemea mate viganja vyake, ameshika ngazi kwa mikono yote miwili.

"Panda, Mama Quincy. Wanakuja."

Misumari ninayo mfukoni. Nyundo nimeiweka wapi –